"Mjomba, mbona Bibi hayupo?"

Desemba ya mwaka 2021 mama yangu alikuwa amefuga beberu mmoja kwa ajili ya Krismasi. Ilikuwa Krismasi ya kwanza tangu baba afariki, na mama alitaka watoto wote tufike nyumbani Iramba, si mbali na Kiomboi. Jioni ya tarehe 24, tukiwa jikoni tunamenya vitunguu, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Macho ya mama hayaoni vizuri herufi ndogo, akanipa nimsomee.

Ulikuwa ujumbe wa kaka yangu mkubwa anayeishi Ikungi. Aliandika kwamba hatakuja, kwa sababu Krismasi haimo kwenye Biblia, na kwamba yeye na nyumba yake sasa wanashika sikukuu za Bwana peke yake.

Nilisoma mpaka mwisho, kisha nikajuta kwa nini sikumdanganya kwamba simu imeisha chaji. Mama hakulia. Alishika kisu chake, akaendelea na kitunguu, akasema, "Basi ile supu mtakunywa ninyi." Tangu siku hiyo hakumtaja kaka kwa jina. Akitaka kumuulizia alisema "yule wa Ikungi".

Naandika haya kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake. Siku hizi katika mitaa yetu unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja, mmoja anasali Jumapili, mwingine Jumamosi, na wa tatu ameanza kumwita Yesu kwa jina la Yeshua na kuhesabu miezi kwa kuangalia mwandamo. Watoto wetu wanaona yote hayo. Wanauliza. Na sisi wazazi mara nyingi tunawaambia, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa."

Kaka hakuwa amepotea njia wala hakuwa mlevi. Ni mtu wa kazi, ana mashine ndogo ya kukamua alizeti, na tangu utoto alipenda kusoma. Alianza kukusanyika na watu wachache sebuleni kwa mwenzao mmoja, wakisoma Mambo ya Walawi sura ya 23, ambako sikukuu zimepangwa kwa mfuatano: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko, Majuma ambayo sisi tunaiita Pentekoste, Baragumu, Siku ya Upatanisho na Vibanda. Wao wanaamini kwamba sikukuu hizi ni kama picha zilizochorwa mapema, na kwamba Yesu ndiye anayeonekana ndani yake. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa hivyo na bado niko hivyo. Kwa hiyo nilimwona kaka kama mtu aliyeacha nyumba ya baba yake akaenda kupanga chumba kwa jirani.

Mapema Aprili 2024 akanipigia. "Dada, njooni kwangu na watoto Jumatatu ya tarehe 22, usiku wa Pasaka." Nikamwambia Pasaka ilishapita, tulishakula tarehe 31 Machi. Akacheka. Akanieleza kwamba kalenda ya Wayahudi hufuata mwezi, na ili isiache majira ya mwaka wanaongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka kumi na tisa. Mwaka huo ulikuwa wa kuongezwa, ndiyo maana Pasaka yao ilichelewa. Yetu hufuata hesabu nyingine, kwa kuwa Mtaguso wa Nikea mwaka 325 uliamua Wakristo wasitegemee tena hesabu ya Wayahudi.

Nilitaka kukataa. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa amesikia mazungumzo yote, akasema, "Mama, twende tukaone. Mjomba si ndugu yetu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tulifika Ikungi jua linazama, kwa sababu kwa Wayahudi siku huanza machweo. Mwezi ulikuwa unapanda mkubwa nyuma ya miti, maana Pasaka yao daima huangukia mwezi mpevu. Wifi alikuwa amefagia nyumba kila kona. Wiki nzima kabla walikuwa wanaondoa chachu: hamira, vipande vya mkate, hata makombo ya maandazi kwenye mifuko ya sare za shule. Watoto wake walipewa kazi ya kuyatafuta. Nikajisemea moyoni, hii ndiyo sikukuu ya kwanza niliyoona usafi wa nyumba ukiwa sehemu ya ibada, na watoto wakaufurahia.

Mezani kulikuwa na mikate myembamba isiyo na chachu iliyookwa juu ya kikaango, mgagani uliochemshwa bila kuondolewa uchungu wake, bakuli la maji ya chumvi, tende zilizopondwa na karanga, na juisi ya zabibu kutoka Dodoma. Kaka alieleza kila kimoja. Mkate ule ni kwa sababu Waisraeli walitoka Misri kwa haraka, unga haukupata muda wa kuumuka. Mboga chungu ni uchungu wa utumwa. Maji ya chumvi ni machozi. Tende na karanga zilizopondwa zinafanana na udongo wa matofali waliyofyatua. Mwanakondoo hakuwepo. Kaka alisema kondoo wa Pasaka alichinjwa Hekaluni Yerusalemu, na Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Tangu hapo Wayahudi wameiadhimisha Pasaka mezani, nyumbani, pamoja na watoto. Akaongeza kwamba kwake yeye Mwanakondoo alishachinjwa, mara moja, msalabani.

Kisha akachukua mikate mitatu iliyofunikwa kwa kitambaa, akatoa wa katikati, akauvunja. Nusu akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaenda kuificha. Hii ni desturi ya Wayahudi wenyewe, na wana maelezo yao, mojawapo likiwa kwamba mkate uliovunjika ni mkate wa maskini, asiyemaliza chote kwa kuwa hajui kesho atakula nini. Kaka na wenzake wanaona jambo lingine: aliyevunjwa, akafungwa sanda, akafichwa kaburini, kisha akapatikana. Watoto hawakungoja maelezo. Walikuwa wanangoja waruhusiwe kwenda kuutafuta, maana atakayeupata hupewa zawadi.

Lakini kabla ya hapo kuna sehemu ambayo ni moyo wa usiku wote. Mtoto mdogo kuliko wote mezani anauliza maswali. Kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine? Mbona leo tunakula mkate usio na chachu? Mbona mboga chungu? Mbona tunachovya mara mbili? Mbona tunaegemea tunapokula? Baba wa nyumba haruhusiwi kuanza simulizi mpaka mtoto aulize. Katika kitabu cha Kutoka imeandikwa wazi kwamba watoto watauliza maana ya ibada hii, na wazazi wawajibu. Fikiria hilo, mzazi mwenzangu. Sisi tumekua tukijua kwamba mtoto anayeuliza maswali mbele ya wageni hana adabu. Hapa palikuwa na meza ambayo bila swali la mtoto ibada haisongi mbele.

Mdogo kuliko wote usiku ule alikuwa kitinda mimba wangu, wa miaka sita. Binti wa kaka alimnong'oneza maswali naye akayarudia vizuri kabisa. Alipomaliza, kaka akasema, "Hongera, mjomba. Una swali lingine?"

Alikuwa nalo. "Mjomba, mbona Bibi hayupo?"

Hakuna aliyejibu. Wifi aliinamisha kichwa. Kaka alifungua kinywa, akakifunga. Mtu aliyeniambia hesabu za miezi ya miaka kumi na tisa bila kusita alishindwa na swali hilo moja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba sijui." Akaanza simulizi ya Musa, lakini sauti yake haikurudi kuwa ile ya mwanzo. Tulirudi Singida mjini usiku uleule kwa gari la jirani, na kesho yake wanangu walisinzia darasani.

Nilidhani limeisha. Kumbe swali la mtoto ni kama mbegu ya mtama kwenye vumbi, inangoja mvua yake.

Oktoba ileile, mama alinipigia simu asubuhi ya Ijumaa tarehe 11. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Kaka yako alikuja jana," akasema. Alisema *kaka yako*, hakusema *yule wa Ikungi*. "Alipanda basi mpaka mjini, akapanda lingine mpaka huku. Akaingia jikoni, akapiga magoti kwenye majivu. Nikamwambia inuka utachafua suruali, akakataa."

Baadaye kaka alinieleza. Jioni ya siku hiyo ya Ijumaa ndipo Siku ya Upatanisho ilikuwa inaanza, siku kubwa kuliko zote kwa Wayahudi, ya kufunga bila chakula wala maji tangu machweo hadi usiku wa pili. Zamani ndiyo siku pekee katika mwaka kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu. Wao wanaomwamini Yesu wanasoma Waebrania sura ya 9 na kusema Kuhani Mkuu ameshaingia na damu yake mwenyewe. Kaka alikuwa amejiandaa kufundisha somo hilo kwa wenzake. Katika kusoma akakuta fundisho la kale la marabi wa Kiyahudi: siku hiyo inafunika makosa kati ya mtu na Mungu, lakini makosa kati ya mtu na mtu mwenzake haiyafuniki mpaka kwanza uende ukamridhishe uliyemkosea.

"Nilifunga kitabu," aliniambia. "Nikamsikia yule mtoto wako. Nimemwita Bwana kwa jina lake la Kiebrania miaka mitatu, na mama yangu mzazi namtumia ujumbe wa simu."

Alimwambia mama hajutii alichokiamini, bali anajutia namna alivyomtendea. Hajui kama angeweza kula Krismasi, lakini angeweza kuja mwenyewe kumweleza, akakaa naye siku nyingine yoyote katika ule mwaka wa kwanza wa ujane wake. Mama alimjibu maneno machache tu: "Nilikuwa nakungoja wewe, sikuwa naingoja Krismasi."

Wiki moja baadaye mama alikuja mjini kliniki ya presha, na Ijumaa mchana nikampeleka Ikungi pamoja na watoto, tukafika kabla jua halijazama na Sabato ya kaka kuingia. Ilikuwa ni Sikukuu ya Vibanda. Mnajua Singida ya Oktoba: jua kali, upepo wa vumbi, ng'ombe wamekonda, kila mtu anatazama mawingu yasiyokuwepo. Uani kwa kaka palikuwa na kibanda cha miti, kuta zake za mikeka, na juu kimeezekwa mabua ya mtama. Mabua yaliachwa nafasi. Kaka alieleza kwamba paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini, na ni vizuri lipenye macho kiasi cha kuona nyota, ili anayeketi ndani akumbuke kwamba babu zao waliishi jangwani miaka arobaini bila nyumba, na aliyewalinda hakuwa paa.

Mama alikizunguka kibanda kile mara moja akacheka. "Hili ni dungu," akasema. "Mnataka kuniambia Wayahudi nao walilinda ndege?"

Akaketi ndani, na kwa mara ya kwanza wanangu wakasikia habari za bibi yao alipokuwa msichana, akishinda kwenye dungu shambani na mdogo wake, kombeo mkononi, wakifukuza kwelea kwelea wasimalize uwele. Aliwasimulia njaa moja ya utoto wake. Aliwasimulia jinsi baba yao mzee alivyokuja kumwona mara ya kwanza akijifanya amepotea njia. Nina miaka arobaini na miwili na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Hatukuwahi kukaa mahali pasipo televisheni, pasipo kazi, pasipo simu mkononi, usiku mzima, tukamuuliza.

Kaka alituambia pia habari ya maji. Zamani za Hekalu, katika siku za Vibanda makuhani waliteka maji katika bwawa la Siloamu na kuyamimina madhabahuni, na mpaka leo Wayahudi humaliza sikukuu hii kwa sala ya kuomba mvua, kwa sababu kwao nako masika huja baada ya kiangazi kirefu. Injili ya Yohana sura ya 7 inasema ilikuwa siku ya mwisho ya sikukuu hiyo Yesu aliposimama akawaita wenye kiu waje kwake. Nimesikia mahubiri juu ya sura hiyo tangu utoto, lakini sikujua kwamba maneno yale yalisemwa kwa watu waliokuwa wakimngojea Mungu alete mvua. Mtu wa Singida haelezwi kiu ni nini. Mama alisimama mwenyewe akaomba mvua, kwa Kinyiramba, na wote tukaitikia amina, wa Jumamosi na wa Jumapili.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila nyumba ijenge kibanda uani. Na ni vizuri kuwafundisha watoto heshima: sikukuu hizi kwanza ni za Wayahudi, na walio wengi miongoni mwao hawakubali kabisa tafsiri ya kaka yangu juu ya Yesu. Hata Afrika Mashariki wapo. Jirani zetu wa Uganda, karibu na Mbale, wana jamii ya Abayudaya, iliyoanza mwaka 1919 wakati Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Buganda, alipoamua kufuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wakati wa Idi Amin walikatazwa kushika dini yao, lakini wapo waliovumilia mpaka utawala ule ukaanguka. Wao si Wakristo. Wanaposherehekea Pasaka wanakumbuka kutoka Misri, basi. Anayeazima chungu cha jirani akumbuke ni cha jirani, asikitoboe kisha akasema alikipata hivyo.

Yalibaki ya Desemba. Mwaka 2024 jambo lilitokea ambalo halitokei mara kwa mara: Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya taa, ilianza jioni ya tarehe 25 Desemba, Krismasi yenyewe. Mara ya mwisho usiku wake wa kwanza kuangukia tarehe hiyo ilikuwa mwaka 2005. Kaka akampigia mama. "Mama, nitakuja kuwasha taa kwako. Krismasi siisherehekei. Lakini nitakuja."

"Kuku utakula?" mama akamuuliza.

"Kuku nitakula."

"Basi njoo. Kitimoto atakula shemeji yako huko huko nje."

Alikuja mchana na mke na watoto. Kanisani hakwenda nasi, alikaa akitengeneza uzio wa mama uliokuwa umelala. Jioni jua lilipozama akatoa ubao wenye vizibo tisa vya chupa, kila kimoja na utambi wa pamba. Akamimina mafuta yake mwenyewe ya alizeti. Akaeleza kwamba kabla ya Kristo mfalme Antioko alilinajisi Hekalu, na Wayahudi chini ya Yuda Makabayo wakalirudisha na kuliweka wakfu upya, mwaka 164. Habari hizo zimo katika vitabu vya Wamakabayo, kwenye Biblia ya Wakatoliki, ambayo tuliazima kwa jirani. Mapokeo ya marabi yanasema yalipatikana mafuta safi ya siku moja tu, yakawaka siku nane. Na Yohana sura ya 10 inamtaja Yesu akitembea Hekaluni wakati wa sikukuu hiyohiyo, majira ya baridi.

Taa ya tisa huitwa mtumishi. Hiyo huwashwa kwanza, na kwa moto wake nyingine huwashwa, moja usiku wa kwanza, mbili usiku wa pili, mpaka nane. Kwa kaka, mtumishi huyo ni Yesu. Mama aliitazama taa ile muda mrefu, akasema, "Hapo hata mimi naafiki." Halafu tukala maandazi, kwa sababu Wayahudi sikukuu hiyo hula vitu vilivyokaangwa kwa mafuta, na hilo wanangu walilipokea bila swali lolote.

Kaka hakusema "Krismasi njema". Sisi hatukumlazimisha. Alipoondoka kesho yake alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamfungia kuku mmoja hai njiani. Tofauti zetu zipo palepale. Bado ananitumia aya za kunionesha nimekosea, nami bado namjibu kwa nyingine.

Lakini nimebadilisha jambo moja nyumbani kwangu. Jumapili jioni, kabla ya chakula, mdogo kuliko wote ana haki ya kuuliza swali moja, lolote, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kusema "nyamaza". Kama hatujui, tunasema hatujui, tunakwenda kuuliza. Wiki iliyopita kitinda mimba aliuliza mjomba atakuja lini tena. Nikampa simu ampigie mwenyewe.